Opareta wa eskaveta mwenye ng'ombe 23 Bahi: niuze mifugo ninunue beko ya mtumba au nibaki hivi hivi?

Mchimba Lambo ameandika:

Mbukwenyi wadau. Boza la dizeli halijafika saiti kwahiyo nina muda, mnivumilie uzi ni mrefu.

Mimi ni opareta. Nilianzia utingo wa katapila kwa fundi mmoja mzee, nikawa naosha mashine na kupiga grisi mpaka akaniruhusu kushika leva, sahivi naendesha eskaveta na beko (ile trekta yenye koleo mbele na mkono wa kuchimba nyuma), greda nalisogeza ila kwenye kumalizia usawa wa barabara sijioni bingwa. Toka serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 kazi hazijawahi kukatika kabisa, reli, ile barabara ya mzunguko ya kilomita 112, mji wa serikali Mtumba, uwanja wa ndege Msalato, ukitoka saiti moja unaingia nyingine. Sasa hapa tulipo kazi inaelekea ukingoni na bosi kasema anaetaka kuendelea nae ajiandae kuhamia Katavi.

Afu upande wa pili nina ng'ombe 23 kijijini kwetu Bahi. Majike 14, madume matatu, waliobaki mitamba na ndama. Wachache wa urithi, wengine nimeokota mmoja mmoja mnadani kwa mshahara. Wote ni hawa hawa wa kienyeji wa Kigogo. Anawaangalia mdogo wangu, na familia yangu iko hapo hapo. Shida ni kiangazi, ikifika mwezi wa kumi ng'ombe unahesabu mbavu ukiwa barabarani, maji wanafuata mbali, na mimi nipo kwenye mashine nasikia kwa simu tu "kaka ndama wa yule mwekundu kafa". Kafa na nini? Hajui.

Kuna jamaa yangu tumefanya nae kazi miaka, ana wazo niuze ng'ombe kama 18 yeye aongezee akiba yake tuchukue beko ya mtumba, tukodishe kwa saa hapa mjini, misingi, mashimo ya choo, mitaro ya mabomba. Anasema ng'ombe ni hela iliyolala. Mzee wangu nae akisikia nauza majike hatanielewa mpaka anaingia kaburini.

Kwahiyo njia ni tatu, Katavi, beko, au nirudi kwenye ng'ombe jumla. Nataka kusikia hasa kwa waliowahi kushika vyote viwili, chuma na mifugo.

Kijana wa Area C ameandika:

Uza chap mkuu. Ng'ombe anakufa kwa ukame, mashine haifi kwa ukame.

Pini na Bushi ameandika:

Hahaha mashine haifi kwa ukame, inakufa kwa pampu ya haidroliki, na ikifa huwezi hata kuiuza nyama.

Mkuu mwenye uzi, mimi ni fundi wa mitambo, kabla ya hapo niliendesha. Nikwambie kitu ambacho jamaa yako hajakwambia. Beko ya mtumba haiuzwi na mtu mjinga, anaeiuza anajua kwa nini anaiuza. Saa zilizoandikwa kwenye dashibodi usiziamini hata kidogo, zinarudishwa nyuma hizo. Wewe washa injini ikiwa ya baridi kabisa, ukikuta wameshaiwasha kabla hujafika jiulize kwa nini. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, ikipuliza moshi kwa nguvu ujue ringi zimeshachoka. Afu ifanyishe kazi zaidi ya saa nzima mpaka oili ya haidroliki ichemke, maana pampu iliyochoka ikiwa ya baridi inakudanganya, inanyanyua vizuri kabisa, ikipata moto ndo unaona bumu, yaani mkono wa mashine, linashuka lenyewe. Shika baketi utikise, kama pini na bushi zimelika utasikia inagonga kila kiungo, na kuchonga bushi zote za mkono wa nyuma sio hela ya mboga.

Hapo bado haijaanza kazi. Kila saa 250 umwage oili ya injini na filta, saa 500 filta za dizeli, ikifika saa 1000 oili ya gia, 2000 haidroliki yote unamwaga. Wengi wanaonunua beko kwa hela ya mifugo wanaruka hizo sevisi mwaka wa kwanza sababu hela yote iliishia kwenye kununua, mwaka wa pili mashine ipo kwenye mawe gereji. Dizeli beko inakula lita sita mpaka tisa kwa saa kutegemea na kazi, afu mteja wa mjini anakwambia shimo la choo ni dakika 40 anakulipa nusu saa.

Kubwa kuliko yote ni masika. Wewe ni opareta unajua, mvua ya kwetu ni moja tu, Disemba mpaka Aprili, na udongo mweusi wa mbugani ukilowa hakuna mashine inasogea. Hiyo miezi beko inakaa. Ukiwa umeajiriwa, hasara ya kukaa ni ya bosi. Ukiwa nayo yako ni yako na mshirika wako, na hapo ndo urafiki unapoanza kupata kutu.

Sisemi usinunue mashine maisha yako yote. Nasema usiinunue kwa kuuza majike.

Mama Chilonwa ameandika:

Kaka habari. Nimesoma post yako yote mpaka chini sijaona sehemu uliyosema mkeo anasemaje. Umemtaja mdogo wako, umemtaja jamaa yako, umemtaja mzee, yeye umesema tu "familia iko hapo hapo".

Mume wangu nae ni mtu wa greda, yupo barabarani mwaka mzima, ng'ombe wako mikononi mwangu. Nikwambie, hao ndama hawafi kwa sababu haupo. Wanakufa kwa sababu hakuna mtu mwenye madaraka. Mdogo wako anachunga kwa heshima ya kaka, hana cha kwake pale, dawa ikihitajika mpaka akupigie wewe upo juu ya mashine na makelele hupokei mpaka jioni. Sisi tulikaa tukaelewana hivi, kijana anaechunga anapata mtamba wake kila mwaka kama mifugo imekaa salama, hela ya maziwa ni ya kwangu na ya dawa, na kila kinachozaliwa au kufa kinaandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Mume akirudi hanihoji, anafungua daftari anasoma.

Sasa habari ya kiangazi, hii nayo ni hesabu kaka sio bahati. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye kilo 250 anataka kama kilo sita za chakula kikavu kwa siku. Majike yako 14, Agosti mpaka Novemba, hiyo ni tani kumi. Nusu wanaokoteza wenyewe porini, tani tano zilizobaki lazima ziwe zimelala mahali. Na zipo! Mwezi wa sita watu wakivuna mtama na uwele mabua yanaachwa shambani yanaliwa na ng'ombe wa kila mpitaji, mengine yanachomwa. Sisi tunalipa vijana wanakata, tunapandisha juu ya vichanja yasiguse chini mchwa wasile. Afu tunatenga kipande cha malisho kisiguswe masika yote mpaka kiangazi kikali, wazee wa Kigogo walikuwa wanaita milaga, na hapo Bahi lazima bado kuna wanaokumbuka. Juu ya hapo mashudu ya alizeti, kilo moja kwa siku kwa yule mwenye mimba na anaenyonyesha tu, dume asikuangalie kwa huruma. Kwa majike 14 miezi mitatu ni kama tani moja na robo. Nunua msimu wa kukamua, Juni Julai, viwanda vikiwa vimejaa, ukisubiri mwezi wa kumi utalia.

Na hela ya mashudu inatoka wapi? Kwenye greda! Kiangazi ndo barabara zinatengenezwa, ndo mume wangu analipwa na ovataimu, na kiangazi hicho hicho ndo ng'ombe wanataka kununuliwa chakula. Masika saiti zinasimama anarudi nyumbani, ndo ng'ombe wanazaa, ndo kupe wengi, ndo kulima. Hivi vitu viwili havigombani kaka, vinapokezana. Wewe unataka kuuza kimoja ununue kingine ambacho shida zake ziko masika ile ile unayotakiwa uwe shambani.

Kijana wa Area C ameandika:

Mama umetisha. Naomba mchango wangu wa juu ufutwe.

Mzee wa Mlanje ameandika:

Wajukuu zangu mnaongea mashine na ng'ombe mimi nipo Kongwa nacheka. Huku mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga. Wakaja na matrekta na makatapila ya mtumba, mengine yalikuwa mabaki ya jeshi la Marekani yametoka mpaka Ufilipino, na vifaru vya vita wakavigeuza kuwa matrekta. Baba yangu alikuwa kibarua pale, alikuwa anasimulia mashine zilivyokuwa zinalala porini hazina spea. Ardhi ikikauka inakuwa ngumu jembe la chuma linalika ndani ya muda mfupi, karanga zenyewe kuzing'oa kazi. Kufika 1951 wamekunja virago. Na hiyo ardhi ikafanywa nini? Ranchi ya ng'ombe. Mpaka leo Ranchi ya Kongwa ipo, ina ng'ombe wa nyama aina ya Boran.

Pini na Bushi ameandika:

Shikamoo mzee. Ila tuwe wakweli, wale walishindwa kwa mvua haba na udongo, na kupanga kazi wakiwa London bila kuuliza wenyeji. Mashine hazina kosa. Halafu mzee ranchi yenyewe inahitaji greda kukata njia za moto na katapila kuchimba mabwawa, kwahiyo tumerudi pale pale.

Mzee wa Mlanje ameandika:

Marahaba. Nimekubali. Ila hazikuwa na spea, hilo nimeshalisema huko juu.

Josho la Jumanne ameandika:

Mimi ni mtu wa mifugo ngazi ya kata, sitaji wapi. Nimeona mambo mawili yamepitwa.

La kwanza ndama. Mkuu, ndama wa miezi miwili mitatu akifa ghafla masika au mwanzo wa kiangazi, kabla hajafa alivimba tezi chini ya sikio, akapata homa, akaanza kuhema kwa shida na povu puani, hiyo usitafute mchawi ni ndigana kali, ni kupe. Mwambie mdogo wako mchunguze tezi, inachukua sekunde. Kuogesha masika kila wiki, kiangazi unaweza kwenda wiki mbili. Ipo chanjo ya ndigana, ndama anachomwa mara moja inamlinda maisha yake, ila inatunzwa kwenye mtungi wa baridi kali sana wa naitrojeni na inatoka kwa dozi nyingi kwa pamoja, kwahiyo mtu wa ndama watano peke yake haimlipi, jiungeni kijiji mtu akusanye idadi. Na chanjo za homa ya mapafu na chambavu usiruke. Mwaka 2025 serikali ilianza kuchanja kwa ruzuku, ng'ombe shilingi 500, pamoja na hereni, kuna watu walikimbiza mifugo porini eti wanahesabiwa kodi. Jamani.

La pili kuuza. Naona mjadala ni uza au usiuze, sasa mbona kuuza lazima utauza, swali ni nani na lini. Madume matatu kwa majike 14 ya nini? Moja linatosha na kubaki. Jike lililoruka miaka miwili bila mimba, jike zee meno yameisha, hao wapeleke mnada wa Msalato mwezi wa tano wa sita wakiwa wamenona na majani ya masika. Wafugaji wetu wanauza mwezi wa kumi na moja, ng'ombe kakonda, ada za shule zinakaribia, madalali wanajua, wanakupangia bei wao. Ng'ombe yule yule miezi mitano kabla alikuwa na kilo 40 au 50 zaidi.

Afu ukishapunguza, badilisha dume. Mpwapwa pale kituo cha utafiti wa mifugo ndo walikotengeneza aina ya ng'ombe wa Mpwapwa, walichanganya zebu wetu na damu ya Sahiwal na Sindhi wa Asia, anavumilia ukame wa huku na maziwa anazidi huyu wetu wa lita moja na nusu. Hata dume la Boran sio baya kama unataka nyama. Ila usiniletee Frizia safi, yule ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, Bahi nakuomba.

Mchimba Lambo ameandika:

Aisee nilikuwa natikisika huku nasoma, boza lilifika nikaingia kwenye mashine nikatoka jioni nakuta darasa.

Mama Chilonwa shkamoo kama umenizidi, na kama tuko sawa basi heshima yako. Nimempigia wife nikamuuliza swali lako, kacheka sana, kasema amekuwa akisubiri niulize. Ana mpango wake mwenyewe wa maziwa na mtu wa hoteli pale Bahi sokoni, mimi sikuwa na habari.

Sasa swali la maji. Kama beko hapana, na mimi kuchimba ndo kazi yangu, nafikiria nichimbe lambo langu pale kwenye eneo letu. Pini na Bushi wewe umeshachimba ya mifugo? Nataka niepuke lile la jirani yetu, kachimba kubwa, limejaa masika, mwezi wa saba tope.

Pini na Bushi ameandika:

La jirani yako nina uhakika ni pana na fupi kwenda chini. Jua la Dodoma linakunywa karibu mita mbili za maji kwa mwaka, kwahiyo lambo la kina cha mita mbili unamchimbia jua. Nenda mita tatu na nusu mpaka nne katikati, eneo la juu liwe dogo.

Hesabu yako ni hii. Ng'ombe 23 kwa lita 30 kwa siku 200 za kiangazi ni lita 138,000, yaani mita za ujazo 138. Hizo ni za kunywa. Weka jua, weka yanayozama chini, weka mbuzi na majirani maana watakuja tu, usichimbe chini ya mita za ujazo 500. Kwa eskaveta ya tani 20 yenye baketi ya mita moja hiyo ni kazi ya siku moja ndefu kama udongo haujawa jiwe, dizeli lita 120 hivi. Wewe mwenyewe ndo opareta, kwahiyo ghali sio kuchimba, ghali ni lobedi, lile lori la kubebea mitambo, ya kuipeleka mashine huko. Kwahiyo usikodi lobedi. Subiri mashine ipite. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wakiwa na kazi huko kwenu, mkandarasi lazima alete mashine na lazima achukue kifusi mahali. Nenda kaongee nae kabla hajachagua pa kuchimba kifusi. Kuna vijiji vimepata malambo kwa njia hiyo, shimo la kifusi badala ya kuachwa limekaa hovyo linanyooshwa kingo linakuwa lambo, na mkandarasi nae anatakiwa alisawazishe kabla hajaondoka kwahiyo umempunguzia kazi. Ila ipitie serikali ya kijiji kwa maandishi, sio makubaliano ya soda.

Udongo kwanza. Chota chini ya mita moja, lowesha, finyanga mpira, urushe juu uudake. Ukivunjika achana na hapo, ni mchanga, maji yatazama. Afu juu ya mdomo wa kuingilia maji chimba kishimo cha kutegea tope, ukisafishe kila mwaka, la sivyo lambo linajaa udongo kwa misimu michache. Kingo mteremko mlalo, sio wima, watoto na ndama wakiteleza waweze kutoka. Na ng'ombe wasiingie majini! Zungushia miiba, weka pampu ya mkono au hata ndoo, wanywe kwenye birika pembeni. Wakiingia wanakanyaga kingo, wanakojolea humo, minyoo inakaa humo humo.

Josho la Jumanne ameandika:

Naongezea na kibali. Kabla ya kuchimba uliza ofisi ya maji ya bonde, Bahi nyie mpo Bonde la Kati, usichanganye na wenzako wa Chamwino. Na usizibe korongo ambalo wa chini yako wanategemea kwa mpunga, hapo Bahi mpunga ni maisha ya watu, utaamsha kesi isiyoisha.

Fatuma wa Nkuhungu ameandika:

Na Katavi mbona hamjamjibu?? Kaka kama bosi anatoa mkataba wa maandishi na anachangia NSSF, mfuko wa pensheni, ile asilimia 20 ya mshahara nusu yako nusu yake, na yumo kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nenda. Kama ni deiwaka ya "tutaelewana huko huko" baki. Shemeji yangu alidondokewa na kifusi kwenye saiti moja ya mbali hana hata karatasi, tumemuuguza kwa mbuzi wetu wenyewe mpaka leo mguu haukunji. Opareta mgongo ndo mtaji wako, hizo mashine zinatikisa miaka yote hiyo, uliza pia kiti cha kukalia kikoje kabla hujasaini usicheke.

Mchimba Lambo ameandika:

Sicheki dada, mgongo nao ulishaanza.

Basi naona hivi, jamaa yangu nimemwambia beko hapana kwa sasa, kanuna ila ataelewa. Madume mawili na majike matatu mazee wanaondoka, nimechelewa mwezi wa sita lakini bado hawajakonda sana, Jumamosi mdogo wangu anawapeleka Msalato na wife anaenda nae kushika hela. Hiyo inaingia kwenye mashudu na kukata mabua ya majirani ambayo hayajaliwa. Dogo nimempa mtamba mmoja kuanzia mwaka huu, kapiga kelele kwenye simu mpaka nikasogeza sikio. Katavi nimemwomba bosi mkataba nikaone umeandikwaje kwanza, na nimemwambia wazi Januari mpaka Machi mvua ikifunga saiti mimi narudi kwetu, akasema tutaona.

Mwenye kujua mashudu Kibaigwa wiki hii wanauzaje kwa gunia aniambie, nalinganisha na Singida.

Mama Chilonwa ameandika:

Kibaigwa usiulize kwa gunia, uliza kwa kilo na nenda na mzani wako. Nakutumia namba ya kijana wetu wa usafiri inbox.